Mapazia Matano ya Robo Tatu

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Pazia, na yeye aliliitikia bila kinyongo. Ujanani alishona nguo za kila namna, lakini mapazia ndiyo yaliyomkaa mkononi. Alisema nguo ina maneno mengi: leo mwenyewe amenenepa, kesho amekonda, keshokutwa ameichukia kola aliyoichagua kwa mdomo wake. Dirisha halinenepi. Ukilipima leo, ukirudi na mzigo utalikuta vilevile.

Kazi aliifanyia katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikaa karibu na dirisha ipate mwanga, na katikati palikuwa na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Tundu la kitasa lilikuwa bado lipo, naye alilifanya pa kuwekea chaki. Pini alizibana midomoni, kwa hiyo wateja walizoea kujibiwa kwa kuguna.

Shule aliiacha darasa la nne mama yake alipougua, akapelekwa kwa shangazi yake aliyekuwa fundi cherehani. Huyo shangazi ndiye aliyemfundisha vipimo. Hakumfundisha kwa namba. Alimfundisha kwa kukunja. Kunja kitambaa mara moja, hiyo nusu. Kunja tena, hiyo robo. Fungua, hesabu mikunjo, kata. Msichana alikata hivyo mpaka ikawa mikono yake inajua kabla kichwa hakijauliza.

Kisha akaolewa na mwalimu wa hesabu. Watu walicheka kwamba Mungu ana utani. Mume wake alifundisha darasa la tano, na sehemu ndilo somo alilolipenda kuliko yote: nusu, theluthi, robo, jinsi ya kuzijumlisha, jinsi ya kuzizidisha. Jioni akirudi alisimama mlangoni na mkoba wake, akamwona mkewe anakata.

"Umepataje kipimo hicho?"

"Nimekunja."

"Kukunja siyo hesabu, mama."

"Basi niletee hesabu inayoziba dirisha."

Mwalimu alicheka, akaenda kuvua viatu. Hawakuwa wakigombana. Ndivyo walivyokuwa wakisalimiana.

Waliishi hivyo mpaka binti yao wa pekee akaolewa mji mwingine na nywele za Mwalimu zikaanza kuwa nyeupe. Asubuhi moja alikuwa anafunga vifungo vya shati aende shuleni. Kifungo cha tatu kikamshinda. Akajaribu, kikateleza, akajaribu tena. Mkewe alimwona akikaa kitandani polepole, mdomo umepinda upande mmoja, akitamka kitu ambacho hakikuwa neno. Kilikuwa kiharusi.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mguu wa kulia uliburuzika, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Neno lenyewe lilikuwa "sawasawa".

"Unataka chai?"

"Sawasawa."

"Nikuletee uji?"

"Sawasawa."

Siku moja, kwa uchovu, Mama Pazia akamuuliza, "Nikutoe nje nikuache juani mpaka jioni?"

"Sawasawa," akasema Mwalimu, lakini macho yakamwangalia kwa namna ambayo mkewe alijua kabisa kwamba ameelewa, na kwamba hajapenda. Akaomba radhi, akaenda kumletea uji.

Kliniki walikuwa na dada mmoja wa mazoezi, mchangamfu, mwenye mikono yenye nguvu. Alimnyoosha Mwalimu viungo, kisha akamvuta Mama Pazia pembeni.

"Mama, huyu yumo ndani. Mambo mengi bado anayo kichwani, ila njia ya kuyatoa imeziba. Mpe kazi anayoijua. Kidogo kidogo, kila siku. Na akikosea usimkaripie."

Kazi aliyoijua Mwalimu ilikuwa hesabu. Mama Pazia akatoa kabatini kitabu cha darasa la tano, akakifungua penye sehemu, akamwekea mumewe kwenye meza ya kukatia. Akampa penseli mkono wa kushoto. Swali la kwanza liliuliza robo tatu mara tano.

Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu. Namba ambazo alikuwa akizimaliza kabla vumbi la chaki halijatua, sasa alizitazama kama mtu anayesoma bango la mbali bila miwani. Mwishowe akaandika, tarakimu zikiyumba: kumi na tano juu, ishirini chini. Alikuwa amezidisha tatu kwa tano, akazidisha na nne kwa tano. Akaisukuma karatasi.

"Sawasawa," akasema.

Mama Pazia hakujua kama ni sawasawa kweli. Darasa la nne hawakufika huko. Lakini mapazia ya robo tatu ya mita aliyajua. Ndiyo yale mafupi ya madirisha ya jikoni, na kukata matano ilikuwa kazi ya kila mara. Akatandaza mita moja ya kitambaa cheupe mezani, akaigawa kwa chaki vipande ishirini vilivyo sawa, sentimita tano kila kimoja. Akahesabu kumi na tano, akapiga mstari. Halafu akachukua pazia moja la jikoni alilokuwa amelikata jana, akalilaza juu yake.

Vilitoshana. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua.

"Mwalimu, angalia hapa," akasema. "Hesabu yako imenipa pazia moja. Mengine manne nani kayachukua?"

Mwalimu akatazama kitambaa, akatazama karatasi, akarudi kwenye kitambaa. Kisha upande wa uso uliokuwa mzima ukaanza kucheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, bega likitikisika, akaisukuma ile karatasi mpaka ikaanguka chini.

"Siyo," akasema.

Mama Pazia alikaa chini. Tangu kiharusi hakuwahi kumsikia akisema neno jingine.

"Siyo nini?"

"Siyo," akarudia Mwalimu, akinyoosha kidole kule ilikoanguka karatasi. "Siyo. Siyo."

Basi kuanzia hapo kitabu kikarudi kabatini, ikawa kazi ni vitambaa. Mama Pazia akakata kanda nyeupe zilizolingana, kila moja badala ya mita, akazikunja robo nne, akazipiga pasi ili mikunjo ionekane. Kutoka kwenye mabaki ya bitana ya buluu akakata vipande vyenye ukubwa wa robo moja ya ukanda. Baada ya chai ya asubuhi alizipanga kanda tano mezani, moja chini ya nyingine, na juu ya kila moja akaweka vipande vitatu vya buluu. Kila ukanda ukabaki na robo moja nyeupe mwishoni.

"Haya. Mapazia matano ya robo tatu. Yote pamoja ni kitambaa kiasi gani? Jaza."

Mkono wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa mzito kama wa mtu aliyevaa glavu. Alichukua kipande kimoja cha buluu kutoka ukanda wa mwisho, akakivuta polepole mpaka kwenye nafasi nyeupe ya ukanda wa kwanza. Ukanda ukajaa. Akachukua kingine, akajaza wa pili. Akachukua cha tatu, akajaza wa tatu. Sasa ukanda wa mwisho ulikuwa mtupu, wa nne bado una vipande vyake vitatu, na kanda tatu za juu zimejaa buluu tupu.

Mama Pazia akagusa moja moja. "Nzima, nzima, nzima. Na hii robo tatu. Mita tatu na robo tatu. Hivyo ndivyo ninavyonunua dukani, na sijawahi kuulizwa."

Mwalimu alihesabu vile vipande vya buluu kwa kidole, vyote kumi na tano, kisha akahesabu robo za ukanda mmoja: nne. Akavihesabu tena. Alikaa pale mpaka chakula cha mchana.

Asubuhi nyingine walifanya nusu, nyingine theluthi. Alikosea, akavuruga, wakati mwingine akasukuma kila kitu chini kwa hasira, na mkewe akaokota. Lakini "siyo" ilikuwa imekaa. Akiulizwa kama anataka uji na hautaki, alisema siyo. Mama Pazia alisema hajawahi kufurahi hivyo kukataliwa uji wake.

Aliyelichukia jambo hili tangu mwanzo ni wifi yake, dada mkubwa wa Mwalimu. Wifi alikuwa mtu mwenye moyo mzuri na sauti kubwa. Alikuja na matunda, akamkuta kaka yake amekaa mbele ya meza iliyojaa vipande vya bitana.

"Wifi! Kaka yangu amesomesha nusu ya mtaa huu, leo unamchezesha na matambara kama mtoto?"

"Siyo," akasema Mwalimu.

"Unaona? Hata yeye anakataa."

"Siyo!" akasema tena, akaushika ukanda wake kwa nguvu. Haikujulikana anamkatalia nani.

Wifi alimvuta Mama Pazia jikoni. Kwake kulikuwa na baraza pana, alisema, na binamu wawili wenye nguvu za kumnyanyua mgonjwa. Mwalimu angekaa kwa heshima yake, na Mama Pazia angepumzika, maana alikuwa amekonda shingo mpaka inatia huruma.

Ukweli ni kwamba Mama Pazia alikuwa amechoka. Kila asubuhi alimwogesha mumewe, akamvalisha, akamlisha, ndipo akakaa kwenye cherehani. Wateja walianza kununa. Mgongo ulimuuma mpaka akawa anakata kitambaa ameegemea ubavu. Hakumwambia mtu, lakini aliposikia habari ya baraza, kitu ndani yake kililegea kama mtu aliyeambiwa aweke mzigo chini.

"Nipe muda nifikirie, wifi," akasema. Na alipofikiria, akaona hana namna. Akakubali kwamba mwisho wa juma wifi aje amchukue.

Siku yenyewe wifi alifika mapema na begi. Ilikuwa imegongana na kazi kubwa: hospitali ya mtaa ilitaka mapazia ya wodi, yale ya kuzungushia vitanda, na mjumbe wa duka la vitambaa alikuwa nje akisubiri kuambiwa kipimo. Vitanda vilikuwa sita. Kila kitanda kilihitaji mita mbili na robo tatu. Mama Pazia alisimama mezani, pini mdomoni, kichwa kikiwa kwenye mambo mawili: wifi chumbani anakunja mashati ya Mwalimu, na kitambaa cha watu.

Akahesabu kwa sauti, kama alivyozoea. "Mbili mbili za vitanda sita, kumi na mbili. Sasa zile robo tatu. Robo tatu nne ni mita tatu. Zimebaki robo tatu mbili, mita moja. Tatu na moja, nne. Kumi na mbili na nne, kumi na sita." Akaelekea mlangoni. "Kijana! Mwambie bosi wako mita kumi na sita."

"Siyo!"

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, viatu vya safari miguuni. Mama Pazia hakugeuka. "Ndiyo, baba, nakuja sasa hivi."

"Siyo! Siyo moja!" Mkono wa kushoto ulikuwa tayari kwenye meza, unakwangua vipande vya buluu kutoka kwenye kopo. Akaweka vitatu, akaweka vitatu vingine chini yake. Akavuta kimoja, kikajaza nafasi iliyobaki juu. Chini vikabaki viwili. Akavigonga kwa kidole mpaka meza ikalia. Mdomo ukahangaika, ukafungwa, ukafunguka.

"Moja," akasema. "Moja na... moja na nusu. Umekosea."

Wifi alitokea mlangoni na shati mkononi.

Mama Pazia alirudi mezani, akatema pini kiganjani. Robo nne, nzima. Mbili zimebaki, nusu. Alikuwa ameimeza nusu mita. Ingepungua kwenye kitanda cha mwisho, na mgonjwa wa kitanda hicho angevaa gauni lake mbele ya wodi nzima.

"Rudia," akasema.

"Umekosea," akasema Mwalimu, waziwazi, na kwa raha ambayo mkewe hakuwa ameiona usoni mwake tangu zamani.

Hapo Mama Pazia akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameshika ukingo wa ile meza ya mlango, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati yake kicheko kikageuka kilio cha kweli, kile cha mabega. Kijana wa dukani alidhani kuna msiba. "Kumi na sita na nusu," wifi ndiye aliyemwambia. "Nenda, mwanangu. Kumi na sita na nusu."

Wifi alisimama pale kidogo. Kisha akarudi chumbani, na kwa kitambo walimsikia akifungua na kufunga kabati. Alipotoka, begi lilikuwa tupu.

"Mashati yake nimeyarudisha," akasema. "Lakini wewe, wifi, huwezi peke yako. Mimi nitakuwa nakuja asubuhi kumwogesha. Akisema siyo, atasema huku ana sabuni kichwani."

Na alikuja kweli. Alikuwa mkali kwenye kuogesha, lakini mgongo wa Mama Pazia ulipata nafuu na wateja wakapata mizigo yao. Mapazia ya wodi yalitundikwa vitanda vyote sita, urefu mmoja.

Habari za Mwalimu zilifika shuleni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuja kumjulia hali, akakuta kanda mezani. Akaomba aonyeshwe. Mwalimu akapanga, akavuta, akajaza, bila neno. Mwalimu mkuu akafuatisha kwa macho, kisha akasema darasa la tano la sasa linazidisha juu na chini bila kujua linafanya nini, na mwalimu wao kijana amebaki kupiga kelele. Je, Mwalimu angeweza kuja siku moja?

"Sawasawa," akasema Mwalimu. Safari hii alikuwa anamaanisha.

Siku ya kwanza ilikwenda vibaya. Watoto walikuwa wengi, na wote walisimama kumsalimu kwa sauti moja. Maneno machache aliyokuwa ameyapata yakakimbia. Alisema sawasawa, kisha sawasawa, kisha sawasawa, na nyuma ya darasa kicheko kikaanza, kikabanwa, kikaanza tena. Mama Pazia alimshika mkono wakatoka. Njiani Mwalimu hakuinua macho. Nyumbani akageuza kiti kikatazama ukuta, na kwa muda hakugusa vitambaa.

Mama Pazia hakumbembeleza. Alisubiri, na alipoona hasira imepoa alimwambia, "Wewe onyesha, mimi nitashika. Watasema wao. Kwani mwalimu ndiye anayetakiwa kujibu?"

Mwalimu akanyoosha mguu wa kulia. Alikuwa anataka viatu.

Safari ya pili mke alishikiza kanda ubaoni kwa pini, mume akasogeza vipande. Ilikuwa theluthi mbili mara nne. Kanda nne, kila moja imekunjwa theluthi tatu, vipande viwili vyekundu juu ya kila moja. "Ngapi?" akauliza Mama Pazia, akijisikia mgeni kabisa mbele ya ubao. Mvulana mmoja akasema nane juu ya kumi na mbili.

"Siyo," akasema Mwalimu, na darasa zima likanyamaza, maana hiyo "siyo" ilikuwa ya mwalimu hasa. Akachukua vipande viwili vya ukanda wa nne, kimoja akakipeleka wa kwanza, kimoja wa pili. Watoto wakahesabu wenyewe: nzima mbili, na theluthi mbili. Nane, lakini theluthi nane.

Msichana wa dawati la mbele, mwenye kalamu sikioni, hakuridhika. "Sasa mwalimu, kwa nini ile ya juu inazidishwa na ya chini haizidishwi?"

Mama Pazia alikuwa na jibu mdomoni. Akaling'ata. Mwalimu alichukua kipande kimoja chekundu, akakiinua, akakigeuza. Walisubiri. Mtu alivuta kiti, akanyamazishwa.

"Kipande," akasema Mwalimu, "ni... kilekile. Hakijapungua." Akavionyesha vyote ubaoni kwa mkono wake wa kushoto. "Vimekuwa vingi."

Msichana akaitikia kwa kichwa, akachukua kalamu sikioni, akaandika.

Mwalimu hakurudi kazini rasmi. Alikwenda darasani siku mguu ulipokubali, na mguu ulipokataa alikaa kwenye kiti chake akikunja kanda za siku nyingine, na kumkosoa mkewe. Mkono wa kulia haukuamka kamwe. Maneno mengine yalirudi, mengine yakarudi yamebadilishana nafasi, na nyumba ikayazoea. Birika, kwa mfano, aliliita gari, na hakuna aliyeweza kumwondoa hapo. Binti yao alipokuja likizo na mumewe, mkwe alikaa sebuleni akashangaa kumsikia mama mkwe wake akipaza sauti kutoka kwenye cherehani, pini mdomoni: "Wifi! Washa gari, wageni wamefika, wanywe chai."